Maswali ya Wasomaji: Utando Juu ya Maji ya Tangi la Samaki

Katika bahasha ya mwezi huu nimetenga barua nne zilizotoka Mtwara na Lindi, kwa sababu zote zinahusu sehemu ya tangi ambayo wafugaji wengi wa samaki wa mapambo huikumbuka mwisho, nayo ni uso wa maji. Tumezoea kuyatazama maji kwa ubavuni, kupitia kioo, na yakionekana angavu tunaridhika. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

*Ndugu mjibu maswali, nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40, nimeliweka sebuleni karibu na mlango wa jikoni. Ndani yake mna moli weusi sita na gapi zaidi ya ishirini. Nawalisha mara tatu kwa siku dagaa wa kusaga, na mara nyingine machicha ya nazi. Chujio ni la pampu ndogo ya umeme, na mdomo wake unatolea maji karibu na chini. Kwa miezi miwili sasa maji yanashika utando unaong'aa rangi rangi kama mafuta ya taa yaliyomwagika dimbwini, na alfajiri nawakuta samaki wamepanda juu wanatweta. Wiki iliyopita nilimwaga maji yote, nikaosha changarawe na chujio kwa maji ya bomba hadi vikatakata, lakini siku ya tatu utando ulirudi, tena mzito kuliko wa kwanza, na gapi wanne wakafa. Jirani ananishauri nitie tone la sabuni ya vyombo ili utando ukimbie. Nifanyeje?*
Msomaji, Shangani, Mtwara

Nianze na sabuni, kwa kuwa ndilo jambo lisiloweza kusubiri: usiitie, hata tone moja. Jirani yako hakukosea kuhusu utando kukimbia. Nyunyiza unga wa pilipili manga katika bakuli la maji, kisha gusa katikati kwa ncha ya kidole kilichopakwa sabuni, na utaona unga wote umekimbilia kingoni kufumba na kufumbua. Lakini kukimbia si kutoka. Utando utakuwa umejibanza kwenye pembe za kioo, na sabuni nayo itakuwa imebaki majini, ambako huondoa ute unaokinga ngozi ya samaki na kuyaumiza matamvua yao, yaani sehemu ile ile wanayopumulia.

Sasa tuuangalie utando wenyewe. Chakula kilichobaki, kinyesi, majani yaliyooza na hata ute wa samaki hutoa mafuta na protini, na vitu hivi vina tabia ya kupanda juu na kujipanga pale maji yanapokutana na hewa, kwa sababu sehemu moja ya umbile lake huyakubali maji na sehemu nyingine huyakataa. Vikishatulia hapo, bakteria huja kuvila na kuzaana, na baada ya siku chache ngozi nyembamba inakuwa imetanda tangi zima. Kijiti kimoja cha chelewa kitakuonyesha una ngozi ya namna gani. Kipitishe juu ya maji polepole kama unayechora mstari: ukiona utando umekatika vipande vyenye kingo, na vipande hivyo vikabaki mbalimbali kama ngozi ya uji uliopoa, sehemu kubwa yake ni bakteria, ukiona umejifunga mara moja nyuma ya kijiti, rangi zikazunguka na kuungana, hayo ni mafuta. Kwa maelezo yako nashuku utayaona yote mawili.

Mafuta hayakosi pa kuingilia. Dagaa ni samaki mwenye mafuta, na akishasagwa, mafuta hayo hujitenga na unga mara tu yanapogusa maji. Machicha nayo, hata yakikamuliwa tui la kwanza na la pili, hubaki na mafuta yake, na kwa kweli si chakula cha moli wala cha gapi. Mlango wa jikoni unachangia pia, maana mvuke wa mafuta ya kukaangia husafiri hewani na kutua juu ya kila kitu. Ushahidi wake ni ule unato unaoushika kwa kidole ukigusa juu ya kabati la vyombo. Nyumba inayochoma korosho uani kabla ya kuzibangua hupokea na moshi wa maganda, ambao mafuta yake ni makali kuliko ya kikaangoni. Na mikono isisahauliwe: aliyejipaka mafuta ya nazi asubuhi, kisha akauingiza mkono tangini kupanga mawe, ameacha mng'ao humo bila kukusudia.

Kuhusu usafi mkubwa ulioufanya, naona ndio uliokuponza zaidi. Katika changarawe na katika sponji ya chujio huishi bakteria wenye faida, ambao hubadilisha amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo sana. Ulipovisuuza vitu hivyo kwa maji ya bomba yenye klorini uliwaangamiza, na tangi likarudi kuwa kama jipya, lenye amonia isiyo na wa kuishughulikia. Inaelekea gapi wanne walikufa kwa hilo wala si kwa utando. Siku nyingine badilisha robo ya maji tu kila wiki, nayo sponji uikamue ndani ya ndoo ya maji yale yale uliyoyatoa tangini.

Kutweta kwa alfajiri kuna maelezo yake. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto: yakiwa na nyuzi 20 za sentigredi, maji yasiyo na chumvi hushika takriban miligramu 9 kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushika kama miligramu 7.5, na sebule ya Shangani mwezi wa Desemba haihitaji hita ili kukaribia huko. Usiku mimea haitengenezi oksijeni bali huitumia pamoja na samaki na bakteria, na mlango wa kuingizia nyingine ni uso wa maji, ambao kwako umefunikwa na umetulia tuli. Utando hauzuii hewa kama mfuniko wa sufuria unavyozuia mvuke. Ubaya wake mkubwa ni kwamba unayanyima maji ya juu nafasi ya kucheza na kupishana na ya chini.

Kwa hiyo leo jioni uengue, na kesho uyafanye maji yacheze. Kuengua ni kazi ya dakika tano. Zima pampu ili uso utulie, chukua karatasi ya tishu nyeupe isiyo na manukato wala michoro, uilaze bapa juu ya maji, uivute taratibu kuelekea upande mmoja, kisha uinyanyue kwa pembe mbili. Itatoka imelegea, na ukiielekeza kwenye mwanga utaona mng'ao wa mafuta umehamia kwake. Rudia kwa tishu nyingine hadi itoke na maji matupu. Karatasi ya gazeti, ambayo wengine huitumia, mimi siipendi kwa ajili ya wino wake. Ukikosa tishu, kata ya kifuu itakufaa: ishushe mpaka ukingo wake uwe chini ya uso wa maji kwa unene wa ukucha, na maji ya juu yatamiminikia ndani yakiuburuta utando, sawasawa na anavyofanya mpika mafuta ya nazi anapoyaengua mafuta kwenye chungu.

Kuengua peke yake hakumalizi neno, kwa kuwa utando ukikuta maji yametulia utajisuka upya. Pandisha mdomo wa chujio kutoka huko chini hadi uwe karibu kabisa na uso wa maji, uuelekeze juu kidogo na kwa upande ulio mrefu, ili hata pembe ya mbali ionekane inatetemeka. Huhitaji maporomoko, viwimbi vinavyofanya mwanga wa taa uchezecheze juu ya changarawe vinatosha. Hapo utando huvunjwavunjwa na kurudishwa majini, ambako chujio na bakteria wake wanaweza kuushughulikia. Kijiwe cha hewa nacho husaidia, ila kwa mtu mwenye chujio lenye nguvu mimi nakiona ni cha ziada, kwa sababu mapovu yake huvunja utando pale yanapopasukia na kuusukumia pembeni.

Mwenye mkono wa ufundi anaweza kujitengenezea chombo cha kuengua saa zote. Chukua kikombe chepesi cha plastiki, kikate meno madogo kwenye ukingo, kitoboe chini na kukiunganisha kwa mpira na sehemu ya pampu inayofyonza, kisha ukifunge kwenye kioo ili meno yake yawe chini ya uso wa maji kwa milimita mbili hivi. Maji ya juu yataporomokea humo pamoja na utando wake. Kasoro zake nimeziona kwa macho yangu: maji ya tangi yakipungua kwa kukauka, pampu hufyonza hewa na kukoroma usiku kucha, na vifaranga wa gapi huingia humo mmoja baada ya mwingine. Zungushia wavu laini, na ujazie maji kila siku mbili.

Machicha yaache kabisa. Dagaa wawe mara moja kwa wiki, na siku nyingine uwape chakula kikavu cha dukani, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara mbili kwa siku. Moli mwenye njaa kidogo hupita juu akiulamba utando kwa mdomo wake. Wewe una vibarua sita wasiodai ujira, ila umewashibisha mno hata hawaioni kazi. Na umeme ukikatika, usiwalishe mpaka urudi, na kila nusu saa chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine humo humo kutoka kimo cha shubiri moja, mara ishirini au thelathini.

*Shikamoo mjomba. Nina samaki mpiganaji mmoja, yule ambaye wauzaji humwita beta, katika chombo cha lita 15. Kila asubuhi nakuta povu jeupe limeganda kwenye pembe, chini ya jani. Baba anasema ni uchafu, basi naliengua, lakini kesho yake lipo tena.*
Mwanafunzi, Lindi

Marahaba, mpwa wangu. Mweleze baba kwa adabu kwamba hicho ni kiota. Dume la samaki huyo hugugumia hewa juu ya maji, huifungia kwenye mate yake, na kuyatema mapovu hayo mahali palipotulia ili jike likitaga, mayai yashikizwe humo. Na hulijenga povu hilo hata kama hajawahi kuona jike maishani mwake. Utalitofautisha na povu la uchafu kwa macho tu: la kiota ni la mapovu madogo, yanayolingana, yenye kunata na yaliyokaa mahali pamoja, ilhali la uchafu hutawanyika chombo kizima na huwa na harufu. Liache. Utando ukitokea upande mwingine, uondoe kwa kipande cha tishu, kwa kuwa samaki huyu hupanda juu kuvuta hewa kama sisi na haifai aivutie kwenye mafuta. Ushauri niliompa msomaji wa Shangani kuhusu mkondo usiufuate, maana mapezi ya beta ni marefu na mkondo wenye nguvu humchosha.

*Mheshimiwa mhariri, mimi ni mwalimu. Tangi langu liko dirishani, na kila msimu wa kupuliza mikorosho juu ya maji hutanda unga wa njano ambao hauzami wala hauyeyuki. Je, ni sumu? Na je, naweza kutumia maji ya mvua ninayoyakinga kwenye paa?*
Mwalimu, Tandahimba

Mwalimu, unga huo bila shaka ni salfa inayopulizwa kuanzia Juni hivi, mikorosho inapochanua, ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Salfa haiyeyuki majini, na chembe zake huyakwepa maji, ndiyo maana huelea kama vumbi juu ya kisima. Yenyewe si sumu kali kwa samaki, lakini haifai kuachwa ikazama, kwa sababu kuna bakteria ambao huigeuza taratibu kuwa asidi, na hilo ndilo linaloutia uchachu udongo wa mashamba yanayopulizwa salfa miaka mingi. Usikoroge maji ukiiona. Laza tishu juu yake ingali kavu na inaelea, uinyanyue pamoja na unga, na msimu wote tangi lihamie mbali na dirisha au lifunikwe kwa kitambaa chepesi mchana wanapopuliza.

Kinachonitia wasiwasi kuliko salfa ni dawa za maji zinazopulizwa kuua wadudu wa mikorosho. Nyingi ni za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa samaki ni hatari hata zikiwa kidogo sana, na za jamii hiyo hiyo zimo katika makopo ya kupulizia mbu na katika dawa za mbu za kuchoma. Hizi hazikuachii unga wa njano wa kukuonya. Mimi mwenyewe miaka kadhaa iliyopita nilipulizia chumba jioni, nikafunga mlango na kwenda barazani, nikiwa nimesahau kwamba pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba hicho hicho na kuizamisha majini. Niliporudi, samaki walikuwa wakizunguka kichwa chini kama majani kwenye kimbunga, na hadi usiku wa manane hakubaki hata mmoja. Tangu siku hiyo, dawa ikipulizwa popote karibu, huzima pampu ya hewa, hufunika tangi, na hufungua madirisha ya chumba saa nzima kabla ya kuiwasha tena.

Maji ya mvua yanafaa, isipokuwa mvua za mwanzo wa msimu, ambazo huosha paa lililokusanya salfa, vumbi na kinyesi cha ndege tangu kiangazi. Ziache zipite, uanze kukinga paa likishasafika. Kumbuka vilevile kwamba maji ya mvua hayana chokaa ya kuhimili asidi, kwa hiyo changanya na ya bomba, au weka vipande vichache vya makombe ya kome yaliyooshwa vizuri ndani ya chujio.

*Ndugu, nimeelezwa kwamba maji ya bomba yalazwe kwanza ili klorini itoke. Nina pipa nyuma ya nyumba ninaloliacha wazi siku tatu au nne, lakini sasa juu ya maji naona vidudu vyeusi vinavyojikunja na kuning'inia kichwa chini. Nikivitia tangini vitadhuru samaki?*
Msomaji, Mikindani

Havitawadhuru, samaki watavigombania. Hivyo ni viluwiluwi vya mbu, navyo huning'inia hivyo kwa kuwa mrija wao wa kupumulia uko mkiani na lazima ufike juu ya maji. Vichuje kwa kitambaa, uwape samaki kwa mkupuo mdogo, na gapi hawatabakiza hata kimoja.

Wa kuhofiwa ni nyinyi mnaolala karibu na pipa hilo. Mwaka 1952, katika Uwanda wa Makonde, hapo hapo mkoani kwetu, ilizuka homa iliyowapinda watu kwa maumivu ya viungo, na jina ambalo dunia nzima inaitumia leo, chikungunya, limetoka katika Kimakonde kwa maana ya kujikunja. Uwanda ule una shida ya maji, na watu walikuwa wakiyahifadhi majumbani, ambamo mbu aitwaye Aedes aegypti alipata mahali pazuri pa kutagia. Pipa lako halina tofauti kubwa na mitungi ya wakati ule.

Klorini ya kawaida haihitaji siku nne. Maji yakikaa wazi saa 24, hasa yakikorogwa mara mbili tatu, yanafaa. Funika kwa kipande cha chandarua kilichokazwa kwa kamba shingoni mwa pipa, na usitumie mfuniko mzito, kwa sababu klorini inatakiwa itoke na mbu anatakiwa asiingie. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu huyo hutaga mayai yake ukutani, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa siku utakapojaza tena. Pipa likiwa tupu, pitisha kidole ndani, kwenye alama ya maji ya juu kabisa. Ukihisi vipunje vidogo vyeusi kama chenga za majani ya chai, sugua mzunguko mzima kwa brashi ngumu na maji matupu, bila sabuni, kisha uliache pipa juani limeinamishwa.